Tanzia za Kale, Skrini za Leo: Ni Kipi Kinachowafunga Wahusika?

Katika tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, vijana wawili wanakufa kwa sababu barua haikufika. Padri Laurence anamwandikia Romeo kumweleza kwamba Juliet hajafa, amelazwa tu na dawa, kisha anamkabidhi mtawa mwenzake barua hiyo aipeleke Mantua. Mtawa huyo anaingia katika nyumba moja kumtafuta mwenzake wa safari, wakaguzi wa mji wanashuku kwamba nyumba hiyo ina tauni, wanaifunga milango na yeye akiwa ndani. Watazamaji wa London wa miaka ya 1590 hawakuhitaji maelezo zaidi. Majumba yao ya michezo yalikuwa yamefungwa kwa sehemu kubwa ya kipindi cha 1592 hadi 1594 kwa sababu ya tauni hiyo hiyo, na walijua kwamba nyumba ikishafungwa na mamlaka ya mji, aliye ndani hana wa kumwomba.

Mwaka 1996 mwongozaji wa filamu Baz Luhrmann aliihamishia hadithi hiyo katika mji wa kubuni wenye fukwe, helikopta, vituo vya mafuta na bastola zilizochongwa neno la upanga ili mistari ya Shakespeare isipoteze maana. Barua ya padri sasa imo mikononi mwa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mjumbe anafika kwenye trela ambako Romeo amejificha jangwani, anabisha, haitikiwi, anaacha karatasi ya taarifa na kuondoka zake. Filamu hii ina mengi ya kusifiwa, hasa ujasiri wake wa kuyaacha maneno ya mwaka 1595 katika vinywa vya vijana waliovaa mashati ya maua, lakini katika tukio hili inalegea. Mtazamaji aliyekaa katika kibanda umiza hapa Mtwara, simu ikiwa mfukoni mwake, atauliza mara moja: kwa nini padri hakupiga simu?

Swali hilo ni la haki, na kila anayeitoa tanzia, yaani tamthilia ya maangamizi ya mhusika wake, jukwaani na kuileta katika zama zetu hana budi kulijibu. Tanzia haitokani na kifo peke yake, kwani katika filamu za mapigano watu hufa kwa makumi bila mtazamaji kutikisika. Inatokana na mtu mwenye akili, mwenye uwezo, mara nyingi mwenye nia njema, kujikuta amefika mahali ambapo kila njia iliyo mbele yake inampeleka kwenye maangamizi, na sisi tunaotazama tukaamini kwamba kweli hana pa kutokea. Wagiriki walikuwa na miungu na laana za ukoo. Waingereza wa Shakespeare walikuwa na ufalme walioamini umewekwa na Mungu, kisasi cha damu, na hiyo tauni. Mwongozaji wa leo akiviondoa hivyo vyote na kuweka suti na magari ya kifahari, atakuwa amebadilisha mavazi na kuacha mlango wazi. Ninaamini kwamba kazi yenyewe ya kuifanya tanzia iwe ya kisasa ni kutafuta kile ambacho bado kinamfunga mtu leo, na ninaamini vilevile kwamba mikoa yetu ya Mtwara na Lindi ina vifungo hivyo kwa namna ambayo miji mikubwa inayopendwa na waongozaji wa nje haina.

Tuitazame filamu ya Hamlet ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Michael Almereyda, kutoka tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwana wa mfalme wa Denmark. Denmark imekuwa kampuni kubwa jijini New York, mfalme amekuwa mkurugenzi mkuu, na Hamlet, aliyeigizwa na Ethan Hawke, anasema ile hotuba yake mashuhuri ya kuishi au kufa akitembea kati ya rafu za duka la kukodisha kanda za video, chini ya vibao vya filamu za mapigano. Wazo hilo ni la kusisimua. Hata hivyo mwana wa mfalme hawezi kujiuzulu damu yake, ilhali mwana wa mkurugenzi anaweza kuuza hisa zake na kwenda kuishi kwingine, na filamu haituonyeshi kwa nini huyu haendi. Inapopata nguvu ni pale Polonius, mshauri wa mfalme, anapomvalisha binti yake kinasa sauti chini ya nguo ili amnase Hamlet akizungumza naye. Hapo tunamwona msichana ambaye mwili wake mwenyewe umegeuzwa chombo cha upelelezi na baba anayempenda, na tunaelewa kwamba Ophelia ndiye aliyefungwa hasa katika jiji hilo.

Vishal Bhardwaj wa India amelielewa jambo hili kuliko wengi. Katika Maqbool ya mwaka 2003, ambayo ni Macbeth iliyohamishiwa kwa magenge ya Mumbai, wachawi watatu wamekuwa polisi wawili wenye tabia ya kupiga ramli. Filamu inapoanza, mmoja wao anachora chati ya nyota kwa kidole kwenye kioo cha gari kilichojaa ukungu wa mvua, na muda mfupi baadaye damu ya mtu waliyemkamata inakirukia kioo hicho hicho. Utabiri wa wachawi wa Shakespeare ulikuwa na nguvu kwa sababu watu waliwaogopa wachawi. Utabiri wa polisi hawa una nguvu kwa sababu wao wenyewe wana bunduki, wana mafaili, na wanaamini ni wajibu wao kulinda mizani ya nguvu kati ya magenge. Wanatabiri, kisha wanasukuma mambo yatokee. Maqbool hana pa kukimbilia, kwa kuwa anayemtabiria ndiye anayepaswa kumlinda.

Mwongozaji huyo huyo alipoigeuza Othello kuwa Omkara mwaka 2006, leso aliyoipoteza Desdemona, na ambayo mumewe Othello anaichukua kuwa ushahidi wa usaliti, aliibadilisha ikawa pambo la kiunoni la ukoo analopewa bibi harusi. Msomaji wa kusini ameshaelewa. Kwetu, shanga za kiunoni zikionekana mkononi mwa mwanamume mwingine, hakuna maelezo ambayo mume atayasikiliza, na mwanamke hawezi hata kuanza kujitetea hadharani bila kutaja yale ambayo unyago ulimfundisha asiyataje. Leso ya Shakespeare ilihitaji hotuba ndefu ya kueleza uzito wake. Shanga hazihitaji hotuba.

Kuhusu Coriolanus ya Ralph Fiennes ya mwaka 2011, kutoka tanzia ya Shakespeare kuhusu shujaa wa Roma, nitasema machache, ingawa ndiyo iliyonigusa zaidi kati ya hizo za nje. Picha zake zilipigwa Belgrade, na inaanza kama tamthilia inavyoanza, kwa watu wenye njaa kuliendea ghala la nafaka. Wanakuta mbele yao ngao za askari wa kutuliza ghasia, na shujaa wa vita anayetoka kuwaambia usoni kwamba anawadharau. Baadaye, anapofukuzwa nchini, anafukuzwa ndani ya studio ya televisheni, mbele ya kamera na watu waliokaa kumhukumu. Yeyote aliyewahi kusubiri malipo ya korosho zake, stakabadhi mkononi na mzigo ukiwa ghalani, atalitazama tukio la kwanza kwa macho tofauti na ya mtu wa London. Mwezi Novemba 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kuzisomba, wakulima wa mikoa hii waliona kwa macho yao askari na mazao ya watu vikikutana katika ua mmoja. Sitaki kusema kwamba ilikuwa Roma. Ninachosema ni kwamba mtunzi wa hapa hana haja ya kubuni ghala, wala foleni, wala mjumbe wa chama cha msingi anayesimama katikati akijaribu kuwaridhisha wenye nguvu na wenye njaa kwa hadithi ya tumbo na viungo vya mwili vilivyoliasi, kama afanyavyo Menenius, rafiki wa Coriolanus, katika tamthilia.

Lakini tanzia ambayo ningeomba itengenezwe huku kwetu kabla ya nyingine zote za kigeni ni Antigone ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, na sababu yangu imo katika ukoo. Ndugu wawili wameuana katika vita vya kuugombea mji wa Thebes. Mtawala mpya, Creon, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima, na mwingine, Polynices, aliyekuja na jeshi la kigeni kuushambulia mji wake mwenyewe, aachwe aliwe na ndege. Dada yao Antigone anamzika, anakamatwa, na kwa amri ya Creon anafungiwa pangoni akiwa hai. Watu wengi husimulia kisa hiki kama msichana dhidi ya dola, na ndiyo maana matoleo mengi ya kisasa humvisha Creon sare za kijeshi na kumpa sauti ya dikteta. Wanachosahau ni kwamba Creon ni kaka wa Jocasta, mama yake Antigone. Ni mjomba wake.

Kwa Mmakonde, Mmakua, Mmwera au Myao, habari hiyo inabadilisha mchezo mzima. Katika jamii hizi ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya wapwa zake: ndoa zao, mashauri yao, mirathi yao, na maneno ya mwisho msibani. Dini, shule na sheria za nchi zimeutikisa utaratibu huo, na mijini wapo vijana wasiojua hata majina ya wajomba zao, lakini katika vijiji vingi vya Newala au Tandahimba bado shauri zito haliishi mpaka mjomba afike. Antigone wa kwetu hangekuwa anapambana na mtawala wa mbali. Angekuwa anamkatalia mtu aliyemlea baada ya baba yake kufa, aliyekaa mbele siku alipotoka unyagoni, na ambaye mtoto wake wa kiume, Haemon, ndiye mchumba wake. Ndoa na mtoto wa mjomba si jambo geni kwa wazee wa kusini. Kwa hiyo anapomwambia mjomba wake, mbele ya watu, kwamba ipo sheria iliyo juu ya amri yake, kijiji kizima kitashtuka, hata wale ambao mioyoni mwao wanakubaliana naye.

Upande wa Polynices nao hauhitaji kubuniwa. Tangu Oktoba 2017 kuna mashambulizi ya silaha katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na Oktoba 2020 yalivuka mto yakakifikia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Mtunzi anaweza kumfikiria kijana aliyevuka mto, akajiunga na wenye silaha, na akaletwa nyumbani akiwa maiti ya adui. Mjomba wake ni mwenyekiti wa kijiji. Kuna majirani walioungua nyumba, kuna wajane, na mwenyekiti anasema huyu hazikwi katika makaburi yetu. Tafadhali tusikimbilie kumfanya huyo mwenyekiti kuwa mtu mbaya. Sophocles hakumfanya hivyo. Alimpa Creon mji uliotoka vitani jana usiku, na hoja ambazo mtu muadilifu angeweza kuzitoa. Mwenyekiti wetu naye anajua kwamba akiruhusu mazishi, mama aliyefiwa na watoto atasimama mlangoni kwake kesho asubuhi.

Na njia za kutokea je? Mwaka 2019 Sophie Deraspe wa Kanada alimweka Antigone katika familia ya wahamiaji mjini Montreal, ambako kaka mmoja anauawa na polisi na mwingine anakabiliwa na kufukuzwa nchini, na dada yao anachukua nafasi ya huyo wa pili gerezani. Creon mmoja ametoweka. Mahali pake pamechukuliwa na mahakama, magereza na makaratasi ya uhamiaji. Ni filamu yenye heshima, na kwa Montreal jibu hilo linatosha. Kwa kijiji cha kando ya Ruvuma halitoshi, na hapa ndipo ninapoona nguvu ya mahali petu. Antigone wetu anaweza kumpata wakili wa msaada wa kisheria. Anaweza hata kushinda shauri na kurudi na amri ya mahakama inayoruhusu maiti izikwe. Hata hivyo hakuna hakimu anayeweza kumwamuru mtu ashike jembe achimbe kaburi, abebe jeneza, au akae matangani. Atalichimba peke yake. Akimaliza, hakuna atakayemwitikia salamu, hakuna atakayekoka moto naye akiuguliwa, na siku yake ikifika atajua ni akina nani hawatakuja. Anayejua maana ya kutengwa na kijiji hataomba aonyeshwe pango la Sophocles.

Naitaja pia kazi moja ambayo haikukamilika, kwa kuwa ilipita nchini kwetu. Mwongozaji Mwitaliano Pier Paolo Pasolini alikuja Afrika Mashariki, akapiga picha Tanzania na Uganda, akitafuta nyuso na mandhari kwa ajili ya kuhamishia barani Afrika tanzia za Mgiriki Aeschylus kuhusu Orestes, anayelipiza kisasi cha baba yake. Ile filamu yenyewe hakuitengeneza. Kilichobaki ni filamu ya maandalizi ya mwaka 1970. Aliona katika nchi zilizotoka kupata uhuru mfano wa Athens ya kale, kisasi kikigeuka kuwa sheria. Alipowaonyesha wanafunzi Waafrika waliokuwa wakisoma Roma, walimpinga, wakamweleza kwamba Afrika si mahali pamoja penye tabia moja. Ninawaunga mkono wanafunzi wale. Pasolini alikuwa msanii mkubwa na nia yake ilikuwa ya upendo, lakini alitafuta nyuso za kuvaa hadithi yake kabla ya kujua ni nini kinachowafunga watu wenye nyuso hizo. Mwongozaji wa Dar es Salaam anayekuja Mikindani kwa siku chache kwa sababu majengo ya zamani yanapendeza kwenye kamera yuko katika hatari ile ile.

Hata hivyo itakuwa aibu kuzungumzia Wagiriki na Waingereza tu ilhali tunayo tanzia yetu, iliyoandikwa na mtu wa pwani hii. Ebrahim Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, na tamthilia yake ya Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969. Imesomwa shuleni na vizazi kadhaa. Inatokana na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyoanzia Nandete katika milima ya Umatumbi, ambako watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Wengi huikumbuka kama tamthilia ya uzalendo, na ndivyo ilivyo, lakini muundo wake ni wa tanzia kamili. Mtu mmoja anatwaliwa na mzimu, anazama mtoni, anatoka na ujumbe na maji. Ujumbe unaunganisha makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka. Kisha mwenye ujumbe anaanza kuona kwamba ndani yake mna neno asilolielewa, kwamba eti watu wake watakuwa watoto wa Sultani wa Unguja, na shaka inamwingia. Anawaomba wapiganaji wangoje. Hawangoji. Neno alilolizaa limekua likamzidi nguvu.

Hapo ndipo ile simu iliyomharibia Luhrmann hadithi yake inapokuwa msaada. Maneno ya Kinjeketile wa historia yalisambaa kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, kwa miezi. Wa leo angerekodi sauti ya dakika mbili. Ingetoka kikundi kimoja cha simu ikaenda kingine, ikafika Liwale, Nachingwea, Masasi na Tunduru kabla ya jua kuzama. Kesho yake akiwa na shaka, ataifuta, na itakuwa haijafutika popote ila kwake. Atarekodi ya pili kuwaambia wasubiri, nao watasema hiyo si sauti yake, amelazimishwa, amenunuliwa. Sijui kifungo cha kisasa kilicho kikali kuliko hicho: mtu kuwa na chombo cha kuzungumza na kila mmoja papo hapo, na kila mmoja asimwamini kwa sababu anampenda yule wa jana.

Nina hofu moja kuhusu filamu hiyo ikitengenezwa. Fedha zitakwenda kwenye vita. Tutapewa kofia za Wajerumani, moshi, watu wakianguka kwa mamia, na muziki mkubwa, na mhusika mkuu ageuzwe shujaa asiyewahi kusita. Hussein aliandika kinyume cha hayo. Kinjeketile wake ni mkubwa kwa sababu anasita, na ukimwondolea shaka umebaki na sanamu. Kuhusu lugha, mifano ya nje iko pande zote mbili: Luhrmann na Fiennes waliyashika maneno ya Shakespeare, Bhardwaj aliandika mapya. Sisi wenyewe tulishaonyesha kwamba Kiswahili kinabeba tanzia bila kulemewa, tangu Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na S. S. Mushi alipofuata na Makbeth mwaka 1968. Kwa Kinjeketile ningependa mazungumzo ya kila siku yaandikwe upya, kwa Kiswahili cha Kilwa cha leo na Kimatumbi pale wazee wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe, na ile kauli yake kuhusu neno linalomshinda aliyelizaa ibaki kama Hussein alivyoiandika.

Atakayeandika muswada huo ningemshauri aanze na tukio la mwisho, pale gerezani. Kinjeketile ameshapigwa, na ofisa anamtaka aseme jambo moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, aliyepigana na kuona watu wake wakifa kwa kuyaamini maji hayo, anamsihi aseme, kwa kuwa wote wawili wanajua hali halisi. Anakataa, maana akisema hivyo, kesho watoto wataambiwa kwamba hata kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Akisema kweli ndogo atakuwa ameiua kweli kubwa, na akinyamaza ataacha wengine waendelee kufa kwa ajili ya maji. Mwandishi ajiulize ofisa huyo leo ni nani, anashika kamera au karatasi, na anaahidi nini kikitamkwa kile anachotaka. Jibu lake likiwa dhaifu kiasi kwamba mtazamaji wa Nangurukuru anaona pa kutokea, basi muswada haujaiva, arudi mezani. Likiwa la kweli, matukio mengine yote, kuanzia mtoni, yaandikwe kwa kurudi nyuma kutoka hapo, moja baada ya jingine, kila moja likimwondolea Kinjeketile njia mojawapo aliyokuwa nayo.